Kahawa Kisumu: Uliza Kabla Hujaketi

Mara ya kwanza kuagiza kahawa Kisumu niliwekewa kikombe cha maziwa moto, kijiko, na kipakiti cha unga wa kahawa nikirarue mwenyewe. Shilingi 250. Hoteli siitaji jina, ilikuwa na vitambaa vyeupe mezani na mhudumu mwenye adabu kuliko mimi. Nilikuwa nimetoka Nakuru saa kumi na moja alfajiri kwenye kiti cha nyuma cha matatu. Mau Summit baridi, Kericho mvua, tukashuka Ahero kwenye jua ambalo hata kioo cha dirisha hakishikiki. Kichwa kilikuwa kinagonga. Nikararua, nikakoroga, nikanywa.

Mimi ni fundi wa mizani. Kwa miaka sita sasa, kila baada ya miezi mitatu hivi, natumwa Kisumu kurekebisha mizani ya bucha, ya maduka ya nafaka na ya vituo vya kununulia mazao. Kazi hii ina kungoja kwingi: duka halijafunguliwa, mwenye ufunguo yuko njiani, wa kulipa ametoka kidogo. Huko kungoja ndiko kulikonifundisha mji huu kwa upande wa kahawa. Kama nawe unapita Kisumu na una saa moja au mbili za kupoteza, soma kabla hujararua kipakiti.

Kwanza, usiamini kibao. Neno mkahawa limetokana na kahawa, lakini ingia mikahawa kumi pale mjini na tisa itakupa chai. Siwalaumu. Kahawa ya Kenya ilipandwa tangu zamani iende zake ng'ambo. Wamisionari waliipanda Bura, kule Taita, mwaka 1893, na kwa miaka mingi mkoloni hakutaka Mwafrika aiguse. Kisii ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza kuruhusiwa, miaka ya 1930, nako kwa masharti. Baadaye tukaruhusiwa kuilima, kuichuma, kuibeba hadi kiwandani, na kuishia hapo. Nimezaliwa Subukia. Nimechuma kahawa hadi vidole vikanata, na sikumbuki hata siku moja mtu akiipika nyumbani. Tulikuwa tunarudi kutoka kiwandani tunakunywa chai.

Lakini tazama ramani. Kisumu yenyewe iko chini, mita 1,100 na kitu juu ya bahari, joto ambalo mbuni wa arabika, aina ya kahawa inayolimwa kwetu, haulitaki. Kuizunguka ndiko kuna kahawa: Kipkelion upande wa mashariki, Nandi juu yake, Kisii na Nyamira kusini, na kaskazini Mlima Elgon kwa upande wa Bungoma. Kwa hiyo kikombe kizuri Kisumu hakihitaji kutoka mbali. Kinahitaji mtu aliyejisumbua kukileta.

Huyo mtu ndiye unayemtafuta, na nimepata njia moja tu ya kumjua. Ukiwa bado umesimama, kabla hujavuta kiti, uliza: "Hii kahawa imekaangwa lini?"

Ukijibiwa "ni freshi" kwa haraka, agiza soda. Ukijibiwa "sijui, ngoja niulize", subiri uone kama kweli anakwenda kuuliza. Anayekuletea mfuko na kukuonyesha tarehe, huyo keti kwake. Kahawa iliyokaangwa hukaa vizuri wiki mbili, tatu, labda nne ikiwa imefungwa. Baada ya hapo harufu inakimbia na kinachobaki ni uchungu. Na kwa joto na unyevu wa Kisumu inakimbia mbio zaidi. Nikiona buni kwenye chupa kubwa ya kioo juu ya kaunta, jua la dirishani limeipiga, inang'aa mafuta kama viatu vilivyopakwa kiwi, huwa sihitaji hata kuuliza.

Kisha uliza imetoka wapi. "Kenya" halijibu kitu, hata mimi nimetoka Kenya. Mtu anayeijua atakutajia Kipkelion, au Nyamira, au atasema "ya Elgon". Wengine watakujibu kwa fahari, "Hii ni AA." Usibabaike. AA ni ukubwa wa punje. Kahawa ikikobolewa hupitishwa kwenye chekeche, na punje zinazogoma kupita kwenye matundu ya milimita saba na ushee ndizo huitwa AA. Punje kubwa huuzwa bei kubwa mnadani, ni kweli, na mara nyingi ni nzuri, lakini AA iliyokaangwa mwaka jana imeshakufa. Nimewahi kunywa PB, ile punje ya duara inayokaa peke yake ndani ya tunda badala ya mbili, nikasahau habari za AA zote.

Tahadhari: angalia wakati wa kuuliza. Jumamosi moja saa saba mchana niliingia mahali nimebeba lile begi langu la vyuma, nikauliza kahawa imekaangwa lini na nani aliileta. Mhudumu akaenda ndani, akarudi na mwenye hoteli, mwenye hoteli amebeba leseni zake zote kwenye faili. Alidhani nimetumwa na kaunti. Nilikula samosa pale kwa aibu tu.

Saa nzuri ni asubuhi, kabla ya saa nne. Jua likishapanda, mwili wenyewe unadai maji baridi, na mpishi wa kahawa naye ameanza kuchoka. Isitoshe, mchana ndipo mvua ya ziwa inapokuja na ngurumo zake, na stima ikipotea mashine ya espreso, ile kahawa nzito ya kikombe kidogo, inabaki kuwa pambo. Kwa hiyo nikifika mahali papya huwa naangalia kama wana njia ya mkono: birika la kumiminia na karatasi ya kuchujia, au kile chombo cha kioo chenye kichujio cha kusukuma chini. Walio navyo, stima ipotee isipotee, unakunywa. Na ukiagiza kapuchino, kaa karibu na mashine usikie. Maziwa yanayochemshwa vizuri hutoa sauti fupi kama karatasi inayochanwa, kisha yanatulia. Yakipiga mayowe mpaka mwisho, hayakupata hewa ya kutosha.

Java House, wale wa mikahawa waliofungua Nairobi mwaka 1999, wako Kisumu na hata kwetu Nakuru wapo. Hakuna cha kushangaza huko, na kuna siku hutaki kushangazwa. Ukiwa na mkutano na mtu usiyemjua, mpeleke pale.

Dunga, kule ufukweni mwa ziwa, nenda ukale samaki. Kahawa ya kule sahau.

Jioni, baada ya swala ya magharibi, kuna kitu kingine kabisa. Karibu na msikiti wa Jamia, katikati ya mji, nilimkuta mzee mmoja na dele lake la shaba, lile birika la kahawa, juu ya makaa, vikombe vidogo visivyo na mkono vinaogelea kwenye ndoo. Shilingi 20 kikombe, na kashata ya njugu kando. Kahawa tungu, tangawizi imetiwa bila huruma. Nami na maswali yangu nikaanza.

"Babu, buni hii mnaitoa wapi?"

"Dukani, mwanangu. Wewe ulitaka niitoe wapi?"

Wazee waliokuwa kwenye benchi wakacheka, nikapewa kikombe cha pili nisiulize tena. Sasa, wako watu watakaokuambia kwamba hiyo ndiyo kahawa halisi na kwingine kote ni mbwembwe. Mimi sikubali. Buni ile imekaangwa ikawa nyeusi tititi na imechemshwa kutwa. Ladha unayoisikia ni tangawizi na moshi wa makaa, na utamu wa maneno ya benchini. Kila safari napita pale. Lakini nikitaka kujua Elgon ina ladha gani, siendi kwa mzee.

Naenda mtaa wa Milimani, kwenye kafe moja ya meza tano ambayo niliipata kwa kupotea. Mara ya kwanza kuingia, saa mbili asubuhi, nilimkuta barista, yaani mpishi wa kahawa, binti wa miaka ishirini na kitu, akimwaga espreso kwenye sinki. Akatengeneza nyingine. Akaitazama inavyotoka, matone matone, akaimwaga nayo. Mfuko wa kahawa ulikuwa mezani, tarehe ya kukaangwa ni siku tisa nyuma, kwa hiyo swali langu lilikuwa limejibiwa kabla sijafungua mdomo. Nikaketi kwenye kile kiti kirefu cha kaunta.

"Samahani, itachukua muda kidogo," akasema. "Hii kahawa tangu wiki jana inanitoa jasho. Inagoma kutoka. Nimerekebisha kinu cha kusagia hadi nimechoka."

Aliyoyasema yalinipita. Jicho langu lilikuwa kwenye mizani. Alikuwa na ile mizani ndogo ya betri, bapa kama simu, pembe moja imepasuka. Anaweka kikombe cha chuma, anakirudisha kwenye sufuri, anatia unga, anapunguza kwa kidole mpaka isome 18.0. Kila mara 18.0 barabara. Mkono wake haukuwa na kosa.

"Dada, hiyo mizani iliwahi kuanguka?"

Akanitazama vile watu wanavyomtazama mtu aliyeuliza habari za jirani. "Iliteleza. Kitambo. Kwani?"

Nikafungua begi, nikatoa kisanduku cha mawe yangu ya shaba ya kupimia uzito, nikachukua la gramu 20 kwa kibano na kuliweka juu. Mizani ikafikiri, ikasoma 18.7. Nikaliondoa, nikaliweka tena. 18.7.

Akaliangalia lile jiwe kama limemtukana.

Hesabu yake ni fupi. Akiona 18.0, kwenye kichungi kulikuwa na gramu 19 na robo hivi. Kichungi hicho cha mashine kilitengenezwa kwa gramu 18. Ukikizidishia, unga unajaa hadi juu, maji hayapati njia, espreso inayotakiwa kutoka kwa sekunde 25 hadi 30 inajikokota mpaka 45 na kutoka chungu. Naye, kwa kuamini mizani, alikuwa anasaga chenga kubwa zaidi na zaidi ili maji yapite. Tulibonyeza kitufe cha nyuma mpaka ikaandika CAL, yaani iko tayari kusahihishwa, nikaipa jiwe la gramu 100, ikatulia. Lile la 20 likasoma 20.0.

Espreso ya kwanza baada ya hapo ilitoka mbio, sekunde 19, maana kinu kilikuwa bado kwenye chenga kubwa. Akaimwaga. Akabana kinu kidogo kisage laini. Sekunde 24, akaonja, akakunja uso, akaimwaga. Ya tatu akahesabu kwa sauti ya chini, 26, 27, 28, na uzi ulikuwa mwembamba, rangi ya asali ya msitu. Akanisogezea bila kuonja.

"Fundi, nilikuwa nalaumu kahawa ya watu wa Bungoma."

Uchachu kwanza, kama ndimu lakini isiyouma meno, halafu utamu unaokuja polepole nyuma ya ulimi, ule wa sukari guru. Ilibaki mdomoni hadi nikafika Kibuye kwa mteja wangu wa kwanza. Hakunitoza kikombe kile. Nikalipia cha pili.

Tangu siku hiyo, nikiingia kafe yoyote naketi palipo na kaunta ninapoona mikono. Nimeshaona mashine za bei ya gari zinazoendeshwa na mtu anayekadiria kwa macho, na nimeona birika la elfu mbili mkononi mwa mtu anayepima. Anayemwaga kikombe kibaya bila kuambiwa, hata kama umechelewa, msubiri. Mwachie kitu kidogo, na kesho rudi kwake badala ya kutafuta pengine. Safari fupi haitoshi kuonja mji mzima, na nafsi yangu imeridhika na sehemu tatu.

Ukitaka kubeba ya nyumbani, nunua gramu 250, usinunue kilo. Kama huna kinu, waambie utapikia chombo gani wakusagie kwa kipimo chake. Unga wa espreso ukiutia kwenye chujio la chai utakunywa matope. Na matatu ya kurudi Nakuru, weka mfuko juu ya begi. Kuna mtu atakuuliza unanukia nini, na mazungumzo yatakufikisha Londiani.

Mfuko wangu wa mwisho niliupeleka Subukia. Mama aliufungua, akanusa, akanyamaza kidogo. Akauliza kama kweli ndiyo ile tuliyokuwa tunapanga foleni nayo kiwandani. Nikampikia, nikamchujia. Alitia sukari vijiko vitatu, akanywa nusu, akasema si mbaya. Kisha akainuka akabandika sufuria ya chai.