Mbwa wa msako kapasuliwa na nguruwe pori: kabla hujalipa, jibu haya

Mkuu, nimesoma maelezo yako mpaka mwisho. Mbwa ana miaka minne na ndiye kinara wa kundi. Dume la nguruwe pori limempasua ubavuni na kumvunja paja la nyuma. Bwana mifugo wa kata kaja usiku uleule, kashona ngozi kwa mwanga wa tochi na kuchoma sindano. Sasa daktari wa mjini anataka laki nne na nusu amfungue upya, atazame ndani, na aushughulikie mfupa. Ada ya watoto ipo mlangoni, na mzee wako kasema mbwa ni mbwa tu, kachukue kitoto kwa jirani. Unauliza ulipe au umpumzishe, yaani afe kwa sindano.

Mimi nipo upande wa Kilosa. Nyumba niliyokulia haijawahi kukosa mbwa wa msako, na uamuzi huu umenikuta kwa mbwa zaidi ya mmoja. Wengi tunaanza na bei. Nakushauri uiache kwanza, ujue tumboni kuna nini, halafu ujue ni nani atakayemuuguza huyo mbwa wiki zote zitakazofuata. Ukishayajua hayo mawili, utaona mwenyewe kama laki nne na nusu ni nyingi au kidogo.

Tuanze na tumbo, maana hapo ndipo mbwa wengi wanapofia. Jino la chini la nguruwe pori linasuguana na la juu muda wote, kwa hiyo linajinoa lenyewe. Tundu unaloliona kwenye ngozi linaweza kuwa dogo sana kuliko uharibifu uliopo chini: nyama imechanika kwa upana, ngozi imeachana na nyama, udongo na manyoya vimesukumwa ndani. Ukishona juu tu, umefungia uchafu. Na kama utumbo umetoboka, mbwa atakaa siku moja au mbili akionekana ana nafuu, kisha tumbo linakuwa gumu, anatapika, homa inapanda, anakufa huku nyuzi zimekaa vizuri kabisa. Simlaumu bwana mifugo wako. Kwa tochi na bila nusu kaputi alizuia damu, na usiku ule hicho ndicho kilichohitajika. Ila daktari anayetaka kumfungua upya hakutapeli. Mimi ningemtilia shaka zaidi yule ambaye angesema tuache tu, tuongeze OTC, ile antibiotiki ya sindano ya mifugo.

Kuna mambo unaweza kuyaangalia mwenyewe leo. Mfunge mdomo kwa kitambaa kwanza, maana mbwa mwenye maumivu humng'ata hata aliyemlea. Inua mdomo wa juu utazame fizi. Zinatakiwa ziwe na rangi ya waridi. Bonyeza kwa kidole mpaka pawe peupe, achia, rangi irudi ndani ya sekunde mbili hivi. Zikiwa nyeupe au za kijivu, damu imepungua au haizunguki vizuri, na hapo usisubiri kesho. Angalia kama anakojoa na mkojo una rangi gani, kwa sababu pigo la tumbo linaweza kupasua kibofu. Hili la mkojo watu hawaliulizi kabisa. Angalia kama anatapika. Ukiwa na kipimajoto, mbwa mzima akipimwa njia ya haja kubwa ana nyuzi 38 na kitu mpaka 39 na kidogo. Na tafadhali usimpe vidonge vyako vya maumivu. Ibuprofeni na diklofenaki vinachoma tumbo la mbwa na kuua figo, na mbwa aliyepoteza damu ndiye zinamuua haraka zaidi.

Kama fizi zina rangi, anakojoa, hatapiki, na akiona maji anainua kichwa, una mbwa anayestahili kupelekwa mjini. Kama ameshaanza kuvimba tumbo na fizi zimepauka, bado anaweza kuokolewa, ila mwambie daktari akueleze waziwazi uwezekano upo kiasi gani kabla hajaanza kuhesabu dawa.

Mfupa ni habari nyingine. Paja la mbwa halifungiki plasta ngumu (POP) likatulia, lipo juu mno na lina nyama nyingi. Kwa hiyo ama atiwe chuma ndani, ama mguu ukatwe. Chuma ndicho kinachokula pesa, na siyo kila daktari ana vifaa. Ukiambiwa ni lazima, uliza kama hospitali ya wanyama ya SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine pale Morogoro, inaweza kuwa nafuu. Wanafundisha madaktari pale na wamezoea mifupa. Lakini usiogope neno kukata. Mguu unakatwa mara moja, kidonda ni kisafi, na mbwa huyo ndani ya siku chache anatembea kwa mitatu. Mbwa hana aibu ya ulemavu. Swali ni kama wewe unamtaka wa kazi au wa nyumbani, maana mbwa wa miguu mitatu atanusa, atabweka, atalinda mihogo usiku, ila mbele ya dume hawezi kuruka pembeni kwa wakati. Ukimrudisha msituni umemuua kwa laki nne na nusu.

Kuna jeraha moja ambalo mimi silipii, la uti wa mgongo uliokatika. Jeki wetu alirushwa na dume akaangukia kisiki, miguu ya nyuma ikalegea palepale. Tulimminya kidole cha mguu, mguu ukajikunja, vijana wakashangilia kwamba anahisi. Daktari akatueleza kuwa mguu kujikunja ni kazi ya uti wenyewe, kichwa kinaweza kisijue lolote. Cha kutazama ni kama mbwa anageuka, analia, au anataka kukung'ata. Jeki alikuwa anatazama mlangoni tu. Hata kesho yake. Akachomwa sindano ya kulala, nikalipa, tukamzika nyuma ya banda. Sijawahi kujutia ile pesa. Na kama na wewe utafika huko, lipia sindano. Wale wanaotumia sumu ya panya wanamtesa mnyama muda mrefu na kuhatarisha kuku wa jirani.

Sasa hoja ya mzee wako. Kwa kitoto cha mbwa yupo sahihi, huku kwetu unakipata kwa elfu ishirini au kwa jogoo. Asichokihesabu ni kwamba hicho kitoto kitakula ugali na dagaa karibu mwaka mzima kabla hujajua kama kina pua au ni cha kukimbia kikisikia mguno. Na mbwa wadogo wanafundishwa na kinara kuliko wanavyofundishwa na mtu. Umesema una wengine wawili wadogo. Akifa huyu sasa hivi, hao wawili watajifunza kwa kupasuliwa. Angekuwa na miaka tisa, meno yameisha, ningekuambia msikilize mzee na umpumzishe kwa heshima.

Ada ya shule haiguswi, hapo sina mjadala. Uza mbuzi kama unaye. Kukopa VICOBA, kile kikundi cha kuweka na kukopa, kwa riba kwa ajili ya mbwa, hapana, hata kama ni mbwa niliyempenda vipi.

Lakini nani kasema ulipe peke yako? Hili ndilo linaloniudhi kwenye misako ya vijijini. Nguruwe wakiingia kwenye mahindi ya watu kumi, wote kumi wanakuja kugonga kwa mwenye mbwa. Nyama wakigawana, kila mtu ana kipande. Mbwa akipasuliwa, ghafla ni mbwa wa mtu mmoja. Sisi huku tulikaa tukakubaliana mapema: tukitoka kwa ajili ya shamba la mtu, mbwa akiumia, mwenye shamba anatoa fungu la kwanza la matibabu, wengine waliotoka wanachangia kinachobaki, na mwenye mbwa anatoa chakula na uuguzi. Haikuwa rahisi. Mmoja alisema hawezi kumlipia mbwa hospitali wakati yeye mwenyewe anameza panadol akiumwa. Tukamwambia sawa, lakini msimu ujao alinde shamba lake kwa debe na moto. Alitoa. Wewe uliumizwa mbwa kwenye shamba la nani? Kama siyo lako, anzia hapo kabla hujamgusa mbuzi.

(Kwa mtakaokuja kunikumbusha sheria: naijua. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 hairuhusu mtu kuingia porini na mbwa anavyotaka. Nazungumzia nguruwe waliomo shambani, mtendaji kajulishwa na askari wa wanyamapori wa halmashauri kajulishwa. Anayefuga mbwa ili akasake swala hifadhini asinijumuishe.)

Sasa uuguzi, ambao ndiyo gharama yenyewe. Mbwa niliyemlipia anaitwa Watasema, jina alilipata kwa mke wangu, maana majirani walisema kweli. Upasuaji ulichukua asubuhi moja. Baada ya hapo ilikuwa ni kazi ya kila siku. Kupanda naye basi haiwezekani, konda hakubali, kwa hiyo kila kurudi kwa daktari ni kukodi kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, na nauli hiyo hukuwekewa kwenye bei uliyotajiwa. Hakuwa na ile kola ya plastiki ya kumzuia kulamba, tukakata kitako cha ndoo ndogo ya rangi, tukaifunika ndoo ukingo kwa kitambaa, tukamvisha shingoni. Ukiacha alambe usiku mmoja, nyuzi zote zinatoka. Sehemu iliyoachwa wazi ili usaha utoke tuliiosha asubuhi na jioni kwa maji yaliyochemshwa na chumvi kidogo yakapoa, kisha asali safi, kisha bandeji. Nzi ndio adui. Wakitaga kwenye kidonda, kesho una funza, kwa hiyo alilala ndani ya chandarua kibovu kwenye chumba cha mahindi, na harufu ile nyumba nzima iliijua. Antibiotiki unampa mpaka siku zilizoandikwa ziishe, hata akishaanza kukimbiza kuku.

Haya uyaseme nyumbani kabla hujalipa. Wewe unashinda shambani au kwenye pikipiki; atakayeosha kile kidonda mchana ni mkeo au binti yako. Kama wao hawataki, na wana haki ya kutotaka, basi pesa yako inaenda kuzikwa na mbwa wiki ya pili. Nimeona hivyo kwa jirani: upasuaji mzuri, mbwa akafungwa kamba chini ya mwembe kama kawaida, funza wakamaliza kazi.

Na akipona, usitegemee mbwa yuleyule. Watasema hakabi tena. Akifika kwa nguruwe anasimama mbali, anamzunguka, anabweka mpaka watu wafike. Mwanzoni vijana walimwita mwoga. Mimi namwona sasa ndiye mbwa mwenye faida kuliko zamani, maana nguruwe anasimama kumtazama yeye na hakuna anayepasuliwa. Wasakaji wa nguruwe wa Marekani na Australia wana mbwa maalumu wa kubweka na wengine wa kukaba, na hao wa kukaba huwavalisha vesti ngumu ya kifuani na ukosi mpana. Sisi vesti hizo hatuna, basi mbwa anayejua kukaa mbali ni mali. Akibaki na miguu minne, usimtoe kabla kovu halijakaza na nyama haijarudi mwilini, hata kama analia kwenye kamba anapoona wenzake wanaondoka.

Kwa maelezo yako, mimi ningelipa, ila siyo kwa mpango huo wa daktari. Mwambie afungue tumbo kwanza. Akikuta utumbo mzima au tundu dogo linaloshoneka, aendelee, na mguu aukate kwenye nusu kaputi hiyohiyo, usilipie usingizi mara mbili. Akikuta utumbo umeoza sehemu nyingi au tumbo limejaa uchafu, asimwamshe. Kubalianeni hilo kabla hajachomwa sindano ya kwanza, na kubalianeni bei ya kila hali, kwa sababu mbwa akiwa amelala mezani tumbo wazi na daktari anapiga simu kuomba laki nyingine, huwezi kufikiri sawasawa. Uliza pia kama yule mdogo mwenye afya anaweza kutolewa damu ampe kinara. Kwa mbwa ambaye hajawahi kuongezewa, mara ya kwanza mara nyingi hupokelewa bila shida. Mpeleke akiwa hajala. Na nusu ya pesa itolewe na mwenye shamba leo, kabla kirikuu hakijaja.