Maswali ya wasomaji: Umoja wa wenye misitu, kuanzia wapi?

Safari hii nafasi yote nimewaachia wenye misitu binafsi. Maswali yamekuja mengi, karibu yote yanazunguka jambo moja, kwamba kila mtu ana kipande chake na kuungana ni shida. Nimechagua sita, mengine nimeyapunguza kidogo.

Mshauri, salamu. Sisi ni majirani kama 30 hivi, misitu yetu imepakana, mwingine ana hekta mbili mwingine kumi. Tulikaa vikao, tukafungua grupu la WhatsApp, tukaandika katiba kurasa 14, tukachagua viongozi. Sasa kimya. Kwenye grupu ni salamu za asubuhi tu na matangazo ya misiba, na dalali anaendelea kupita nyumba kwa nyumba. Tumekosea wapi? – Katibu Aliyechoka

Katibu pole sana, ila nikuambie ukweli, nyie mmeanza na karatasi na kazi hamna. Mtu hawezi kuendelea kuhudhuria vikao vya kitu ambacho hakijamfanyia chochote, hata awe na moyo gani. Hiyo katiba iweke kabatini kwanza (kurasa 14 jamani!) mtafute kazi moja tu ambayo mtu peke yake haiwezi, na inayoonekana kwa macho. Mara nyingi ni mojawapo ya hizi: njia ya lori kufika msituni, mkanda wa kuzuia moto, au kuuza pamoja.

Kwa maelezo yako mimi ningeanza na dalali, maana huyo ndo anawaumiza sasa hivi. Angalia anavyofanya kazi, anakuja kwa mmoja mmoja, anazunguka msitu nusu saa, anataja bei ya jumla kwa kukadiria kwa macho, na wewe mwenye msitu hujui una mita za ujazo ngapi kwahiyo unabishana nae bila kitu mkononi. Alafu akishanunua anachagua ile minene iliyonyooka, anaacha iliyopinda, yenye magonjwa na iliyodumaa. Msitu unabaki umesimama, ukipita barabarani unauona wa kijani kabisa, kumbe mbegu za kizazi kijacho zitatoka kwenye ile mibovu. Usimamizi endelevu ni kinyume chake, unapunguza mibaya na iliyobanana ili mizuri ipate mwanga na nafasi ya kunenepa, unavuna kidogo leo ili mbele uvune vya maana. Shida ni kwamba miti ya kupunguza ni myembamba na bei yake ni ndogo, ya hekta mbili haijazi hata lori, na mashine ikiletwa gharama ya kuileta ni ileile uwe na hekta moja au ishirini. Hapo ndo umoja unapoanza kuwa na maana, hekta moja moja za watu ishirini zilizopangwa wiki moja ni kazi ambayo mkandarasi ataikimbilia mwenyewe.

Sasa kabla ya kuuza chochote pimeni, na hili halihitaji mtaalamu kwa kuanzia. Kata kamba ya mita 5 na sentimita 64. Chomeka kijiti msituni, funga kamba hapo, ivute ikaze na uzunguke nayo, duara hilo ni mita za mraba 100. Hesabu miti yote iliyo ndani, zidisha kwa 100, umepata idadi ya miti kwa hekta. Ukihesabu 14 una kama miti 1,400. Kisha kila mti uzungushie utepe wa fundi cherehani kwenye urefu wa mita 1.3 kutoka chini, kama ni mteremko simama upande wa juu, ule mzunguko gawanya kwa 3.14 upate kipenyo. Rudia sehemu kadhaa, na usichague penye miti mizuri tu! Wote tunapenda kusimama penye miti mizuri. Wekeni vipimo vya kila mmoja kwenye daftari moja, hapo ndipo mwiteni afisa misitu awasaidie kugeuza vipimo kuwa ujazo na kusema wapi pa kupunguza. Mkifika hapo waiteni wanunuzi watatu au wanne waje waone, kila mmoja alete bei kwenye bahasha iliyofungwa, zifunguliwe mbele ya watu wote. Dalali wenu pia mwalikeni, kwanini asije.

Na mkianza kuvuna, kila mwenye msitu awe na rangi yake. Gogo likianguka tu linapakwa rangi kitakoni kabla halijavutwa kwenda penye lori, mpimaji anaandika kwenye kitabu chenye kaboni, nakala moja inabaki kwa mwenyewe palepale. Nasisitiza hili kwa sababu vyama vingi havifi kwa wizi, vinakufa kwa mtu mmoja kuamini kwamba magogo yake matatu yamehesabiwa kwa jirani.

Nikijiunga na chama ardhi yangu inakuwa ya chama? Mume wangu anakataa kabisa kwa sababu hiyo. – Mama Wa Miti

Hapana mama, labda usaini mkataba unaosema hivyo, na huo usisaini. Chama cha kawaida cha wenye misitu kinauza huduma na kuuza miti kwa pamoja, msitu unabaki kwa jina lako na uamuzi wa kukata unabaki kwako. Mfano mzuri ni Södra ya kusini mwa Sweden, ni ushirika ulioanza mwaka 1938, una wanachama zaidi ya 50,000 na una viwanda vyake vya mbao na vya massa ya karatasi, na kila mwanachama bado ana msitu wake na hati yake. Ipo pia mipango ya kuunganisha misitu iwe mmoja kisha watu wamiliki hisa, ina faida zake kwa vipande vidogo sana, ila huko ni mbali na siyo pa kuanzia. Mwambie baba asome mkataba yeye mwenyewe, hasa kipengele cha kujitoa, kama kujitoa ni kugumu kuliko kuingia basi wasiwasi wake una msingi.

Ada. Watu hawalipi. Tulazimishe?

Finland walilazimisha kwa miaka mingi. Wenye misitu walikatwa ada kwa sheria kwa ajili ya vyama vya usimamizi wa misitu vya maeneo yao, na nchi ile sehemu kubwa ya misitu ni ya familia kwahiyo siyo jambo dogo. Kuanzia 2015 ulazima ukaondolewa, vyama vikabaki na wanachama wa hiari na kutafuta wateja kama watoa huduma wengine. Sasa kama hata wao wenye sheria waliachana nayo, nyie wenye grupu la WhatsApp mtalazimisha kwa kutumia nini? Wekeni kiingilio kidogo, halafu chama kichukue asilimia mliyokubaliana kwenye kila mauzo kinayosimamia. Asiyeuza hadaiwi. Chama kisichouza kitakosa hela, na kwa maoni yangu ni sawa kikose.

Tulipanga wote tupunguze theluthi moja tu. Jirani mmoja akaleta mashine usiku akafyeka yote mpaka kwenye kijito, maji sasa ni tope. Anasema ni mali yake. Tunaweza kumfanya nini? Tuko kwenye mchakato wa cheti cha kikundi. – Wa Chini Ya Mteremko

Mambo mawili tofauti hapa. La kijito ni la sheria za nchi, sehemu nyingi zina kanuni za kuacha miti pembeni mwa maji, kwahiyo hilo linapelekwa kwa mamlaka ya misitu au maji na siyo kwenye kamati yenu, piga picha zenye tarehe ukaripoti. Mali yake ni miti, maji yanayoshuka kwako siyo mali yake.

La cheti ndo la kuharakisha. Cheti cha kikundi, yaani cheti kimoja cha kuthibitisha kwamba misitu ya wanachama wote inasimamiwa vizuri, kiwe cha mfumo wa kimataifa wa FSC ulioanzishwa 1993 au wa PEFC ulioanzishwa 1999 (huu wa pili wenye misitu midogo wa Ulaya walikuwa na mkono mkubwa kwenye kuuanzisha), kinakuwa mikononi mwa msimamizi wa kikundi. Mkaguzi wa nje hapiti kila msitu, anachagua baadhi kama sampuli, na anaangalia pia kama kikundi chenyewe kinajikagua. Ndo maana gharama inapungua kwa mtu mmoja mmoja, na ndo maana mmoja akiharibu na kikundi kikanyamaza wote mnaingia matatani. Mwandikieni barua, msimamisheni, magogo yake yasichanganywe na yenu hata moja, na muweke kumbukumbu ya hatua zote. Mkaguzi akikuta mmekamata kosa wenyewe na mmelishughulikia mko pazuri kuliko akute faili safi na mto wa tope.

Ila pia kamuulizeni kwanini. Mara nyingi anayefyeka usiku ana deni, ada ya mtoto au mgonjwa. Vyama vingine vinampa mwanachama malipo ya awali kwa miti aliyopimiwa, hela ikatwe kwenye mavuno yatakayofuata. Kama mngekuwa na kitu kama hicho pengine mashine isingekuja.

Mimi sikati mti hata mmoja, msitu wangu ni wa ndege na nyuki. Hawa wavunaji wananihusu nini?

Wanakuhusu sana ndugu yangu, moto na wadudu havisomi mipaka. Januari 2005 dhoruba iliyoitwa Gudrun iliangusha kama mita za ujazo milioni 75 za miti kusini mwa Sweden, na miti iliyolala ikawa mazalia ya mbawakawa wa magome ambao walihamia kwenye miti mizima iliyosimama, ya aliyevuna na ya asiyevuna. Ikitokea kitu kama hicho kwenu, mwenye kipande asichokikagua ndiye anayeanzisha balaa kwa wote. Ingia kwenye chama kwa ajili ya doria, mkanda wa moto na njia, na uombe iandikwe kwenye mpango kwamba lengo la msitu wako ni hifadhi. Na mtu kama wewe anahitajika kwenye kamati, maana ndiye atakayeuliza miti mikavu yenye mashimo ya ndege inaachwa mingapi, wengine wataiona kuni.

Theluthi ya wanachama wetu wanaishi mbali, hawaji, hawajibu, na njia ya lori lazima ipite kwao. – Mwenyekiti

Hawa ndo wagumu kuliko wote, na wengine wamerithi hata mipaka hawaijui. Usiwaite kikao, hawatakuja. Watumie kitu kimoja kifupi, ukurasa mmoja wenye ramani ya kipande chao, picha mbili za hali ya msitu, na maswali ya ndiyo au hapana: njia ipite, tupunguze miti, tukague mara mbili kwa mwaka. Ruhusa iwe ya kazi hiyo tu na kwa muda uliotajwa, mtu wa mbali anaogopa kusaini kitu kisicho na mwisho na ana haki. Kama kipande ni cha ndugu watano walioachiwa na mzazi, sahihi ya mmoja aliye karibu haitoshi, mtapata kesi. Waombe wenyewe wachague msemaji mmoja kwa maandishi. Tembeeni mipaka pamoja na jirani wa kila upande, mpige picha kila alama na kusoma GPS kwenye simu, mumtumie. Wengi wanaanza kujibu hapo, wakishaona kipande chao kwa macho. Na uweke tarehe ya mwisho ya kujibu, iwe miezi miwili kabla ya mvua, ili akikataa mpate muda wa kupindisha njia ipite kwa mwingine.