Homa yenye mahali pamoja panapouma

Mwaka juzi mwanangu wa pili, wakati huo ana miaka 9, alirudi kutoka mpirani akichechemea. Paja la kulia, alisema. Hapakuwa na jeraha wala uvimbe wa kuonekana. Hapa Oli, mjini Arua, Uganda, mtoto akichechemea baada ya mpira hakuna anayeshtuka. Nyanya yake alimkanda kwa maji ya moto na mafuta jioni tatu mfululizo.

Siku ya nne homa ikapanda. Nikampeleka kliniki ya mtaani, wakamtoboa kidole, kipimo kikaonyesha hana malaria. Tulitoka na dawa za malaria hivyohivyo, nami sikuuliza. Hakuna aliyemvua suruali akaligusa lile paja, na mimi sikulitaja kwa sababu niliona hilo ni jambo jingine kabisa.

Mzazi mwenzangu, homa ikija pamoja na sehemu moja inayouma, usiyahesabu hayo kuwa magonjwa mawili. Yaseme yote kwa pumzi moja unapofika kwa daktari, na umwombe apaguse hapo panapouma.

Wiki ya pili mtoto hakuweza tena kukanyaga. Tulipofika hospitali kubwa, daktari alibonyeza paja kwa kidole gumba, kisha akaushika mkono wangu. "Mama, gusa hapa. Sasa gusa upande wa pili." La kushoto lilikuwa laini. La kulia lilikuwa gumu kama ubao, na ngozi juu yake bado ilikuwa nzima. Akaingiza sindano nene, akavuta, na bomba likajaa usaha mzito wa manjano kama maziwa ya mgando. Nililia pale pale. Kitu kile kilikuwa ndani ya msuli siku zote nilizokuwa nikimnywesha dawa za malaria.

Ugonjwa huo, jipu la ndani ya msuli, kitaalamu ni payomayositi, na madaktari wa hospitali ya Mulago, Kampala, walikuwa wakiuandikia tangu miaka ya 1960. Mwanzoni msuli unauma na kukakamaa, usaha bado haujakusanyika. Kati ya siku ya 10 na ya 21 hivi usaha unajaa na homa inakuwa kali. Ukiachwa, vijidudu vinaingia kwenye damu, na hapo maisha yenyewe yako hatarini.

Mara nyingi kijidudu chenyewe ni stafilokokasi. Daktari mpasuaji wa Uskoti, Alexander Ogston, alikiona kwenye usaha wa majipu mwaka 1880, vimeshikana kama kichala cha zabibu, na jina lake la Kigiriki limetokana na zabibu hizo. Karibu watu 3 kati ya 10 wanakibeba puani bila kuumwa lolote. Basi asikwambie mtu kwamba mtoto wako amerogwa au kwamba nyumba yako ni chafu. Kinangoja mlango tu: mkwaruzo, shimo la funza, wembe wa kinyozi.

Juu ya ngozi kinaleta majipu, vipele vya usaha kwenye mashina ya nywele, na kwa watoto vidonda vinavyozunguka pua na mdomo vikiwa na magamba ya rangi ya asali. Vitabu vinasema utafute wekundu. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu unajificha, kwa hiyo weka mgongo wa mkono usikie joto, na tazama kama ngozi imekaza na kung'aa. Jipu la puani au mdomo wa juu usilikamue kamwe. Mgonjwa akitetemeka kwa baridi, akihema haraka au akiongea bila kueleweka, mtafutie usafiri saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Wapo wanaouita uvimbe kama huu tambazi, na wanasema ukiuchoma sindano au kuupasua mgonjwa atakufa. Shangazi wa mume wangu alinishika kanga mlangoni kwa ajili hiyo. Namheshimu sana, lakini kinachoua ni usaha kubaki ndani. Mwanangu alipasuliwa asubuhi, na kufikia usiku wa pili homa ilikuwa imeshuka.

Nawaomba pia muache kufungua kapsuli na kunyunyiza unga wake kwenye kidonda, na muache kununua nusu dozi kwenye duka la dawa. Kijidudu hiki huzoea dawa. Dawa iitwayo methisilini ilitengenezwa ili kuua stafilokokasi iliyokuwa imeshaizoea penisilini. Ilianza kutumika mwaka 1959, na kufikia 1961 huko Uingereza tayari kulipatikana stafilokokasi isiyoisikia. Ndiyo maana daktari wetu alipeleka usaha maabara uoteshwe, ajue dawa gani inafaa.

Baada ya hapo ilikuwa kazi ya subira. Shimo la paja lilijazwa shashi, likafunguliwa na kusafishwa kila siku kwa wiki tatu, lipone kutoka chini kwenda juu. Mtoto aliuma kona ya shuka kila mara. Nyumbani nilikuwa na taulo moja kwa watoto wanne. Sasa kila mmoja ana lake, nalianika juani, na nguo zinapigwa pasi ya moto. Mpira ameurudia. Akisema panauma, namwambia alale kitandani, nagusa pande zote mbili.