Flashi imejaa shotikati, faili ziko wapi?

SWALI: Nilipeleka flashi steshenari kuchapisha barua. Kurudi nyumbani, kila folda imegeuka shotikati ya KB 2. Flashi ya kwanza niliifomati mara mbili, tatizo likarudi; sasa na hii ya GB 8 yenye kazi za chuo imekuwa hivyo hivyo, ingawa inaonyesha GB 5 zimetumika. Nifanyeje?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Usiifomati tena. Mgonjwa sasa ni laptopu yako: mnyoo, yaani programu hasidi inayojinakili yenyewe, umeshahamia humo, na kila flashi unayochomeka inaambukizwa upya. Kazi zako ndizo hizo GB 5. Zimepewa alama mbili, ya kufichwa na ya mfumo, kisha zikawekewa shotikati zenye majina yale yale. Bofya shotikati moja kwa kitufe cha kulia, fungua Properties, usome Target: utakuta cmd.exe au wscript.exe, programu za Windows zinazotekeleza amri, na jina la faili ya .vbs, yaani ya amri za mnyoo. Ukiibofya, folda inafunguka kama kawaida, hivyo hushtuki.

Chomoa flashi, uanze na laptopu. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc kufungua Task Manager, nenda Details, uifunge wscript.exe, ukiiacha hai, unachofuta itakiandika tena. Bonyeza Windows+R, andika shell:startup, futa faili ya .vbs au .js usiyoifahamu. Kagua pia kwenye regedit, kihariri cha sajili ya Windows: HKEY_CURRENT_USER\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Run. Ingizo linaloita wscript au faili ya .vbs liondoe, na faili yenyewe uifuate huko iliko, mara nyingi Temp au AppData. Kisha endesha Microsoft Defender Offline, ukaguzi wa virusi wa Windows yenyewe. Kompyuta itajiwasha upya na kuchukua kama dakika 15.

Sasa chomeka flashi, usibofye chochote ndani yake. Fungua cmd (dirisha la kuandikia amri), na kama flashi ni E, andika:

del E:\*.lnk
attrib -s -h -r E:\*.* /s /d

Hakikisha herufi ni ya flashi, maana kwenye C utafichua faili za Windows zenyewe. Alama ya -s isiachwe: faili yenye alama ya mfumo, attrib hukataa kuifichua kwa -h peke yake. Ikitokea folda isiyo na jina, usiifute! Minyoo mingine huhamishia kazi zote humo. Zinakili, changanua, halafu hapo ndipo ufomati. Folda ya System Volume Information ni ya Windows, isikutie hofu.

Safari nyingine ya steshenari, tuma PDF kwa barua pepe, au beba kadi ya SD yenye kitufe cha kufunga uandishi.

SWALI: Nimeambiwa nitengeneze folda iitwayo autorun.inf kwenye flashi iwe kinga. Ni kweli?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Ilikuwa na maana zamani. Mnyoo kama Conficker wa 2008 uliandika faili ya jina hilo, inayoiambia Windows programu ya kuendesha flashi ikichomekwa, na folda yenye jina lile lile iliweza kuuzuia. Lakini Windows 7 haifuati tena autorun.inf ya flashi, na Februari 2011 Microsoft ilisambaza sasisho kama hilo kwa XP na Vista. Ndiyo sababu minyoo ikahamia kwenye shotikati, ambayo inangoja kidole chako. Mshale mdogo kwenye kona ya ikoni ndio wa kuutazama, maana kiambishi cha shotikati, .lnk, Windows hukificha hata ukiwa umeamuru viambishi vyote vionekane.