Kwa nini Stars haisimamishi mastraika wawili?

SWALI: Kaka habari za kazi. Mimi ni bodaboda hapa Mbeya, kijiweni kwetu hii ishu imeleta ugomvi mpaka jamaa mmoja kahama kijiwe. Taifa Stars, timu yetu ya taifa ya Tanzania, miaka yote hiyo tumekuwa na Samatta na Msuva, wote wanajua kufunga, ila makocha wanakuja wanaondoka na ni yaleyale, Samatta peke yake mbele, Msuva katupwa pembeni. Si wapange 4-4-2 wasimame wote wawili? Au wanaogopa?

JIBU: Nzuri ndugu yangu, mwenzenu mrudisheni kwanza. Halafu okoteni visoda vipangeni mezani, kipa muacheni hana habari na ugomvi wenu: vinne nyuma, vinne kati, viwili mbele, hiyo ndo 4-4-2 yako. Upande wa pili panga timu inayojaza watatu pale kati. Haya hesabu. Wa pembeni wako wawili wanahangaika na mabeki wanaopanda, kwa hiyo kati umebaki na wawili na wao wapo watatu, yaani kila mpira ukidondoka pale kuna mtu wao hana wa kumkaba, anageuka kwa raha zake anachagua ampe nani. Ukitaka kuziba, straika mmoja ashuke, na akishuka si umerudi palepale kwenye straika mmoja, tena umerudi kwa kuchelewa na mtu kashachoka.

Na Msuva kutupwa pembeni nakukatalia bana. Yule tangu yuko Yanga ni winga na anafungia hukohuko, mali yake ni kuchomoka na spidi nyuma ya beki, sasa ukimsimamisha kati kaligeuzia goli mgongo, anasukumana na beki mwenye kifua, umemmaliza. Kumbuka mechi na Zambia, AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) ya Ivory Coast, Januari 2024, dakika ya 11 tu: Samatta anatoa pasi, Msuva anaingia anafunga. Si hao wawili wako hapo? Ila mmoja alitokea mbali, beki hakumuwahi.

Ila mechi hiyohiyo ndo mngeigombania kijiweni. Zambia wamepata nyekundu kabla ya mapumziko, tunaongoza, tupo 11 wao 10, na bado dakika ya 88 ikapigwa kona Patson Daka akaweka kichwa, 1-1. Mimi nilikuwa kibanda umiza, soda imeshika moto mkononi sijainywa. Hapo 4-4-2 ingesaidia nini? Ukizidi mtu mmoja, yule wa ziada lazima apewe kazi, beki wa kushoto apande, namba 6, yaani kiungo mkabaji, abaki kufunika tundu aliloacha, winga aingie ndani, mpira uzunguke wenzako wakimbie mpaka waishiwe pumzi. Sisi tukarudi nyuma utadhani nyekundu tumepewa sisi. AFCON ya 2019 kule Cairo, na Kenya, vilevile, tumeongoza mara mbili, Msuva kafunga, Samatta kafunga, tumelala 3-2. Wafungaji wamefanya yao, kulinda ndo kulikotushinda.

Mastraika wawili nakubali nao siku moja, tupo nyumbani kwa Mkapa, wageni wamepaki basi, wote wamejazana golini kwao, zimebaki dakika 20. Hapo toa kiungo mmoja, namba 8, ongeza straika, namba tisa. Lakini kabla hujatoa, muulize kiungo aliyebaki kama anajua sasa hivi anakaba peke yake.

SWALI: Mwanangu, mimi ni mama mtu mzima wa Tanga, mpira naangalia na wajukuu. Huyu Novatus Miroshi ni namba ngapi hasa? Leo beki, kesho kiungo.

JIBU: Shikamoo mama. Huyo ndo wanamwita kiraka, mchezaji unayembandika popote palipochanika. Kocha wa timu ya taifa hana dirisha la usajili na anakaa na vijana siku chache tu kabla ya mechi, kwa hiyo kiraka kwake ni dhahabu. Tabu ni pale anapotumika kuziba matundu matatu kwenye mechi moja, mwisho anachelewa kila sehemu. Kwenye mechi yetu ya kwanza ya AFCON hiyohiyo ya Ivory Coast, na Morocco, tulikuwa nyuma goli moja tu mpaka alipotolewa kwa nyekundu dakika ya 70, na ndani ya dakika kumi zilizofuata zikaingia mbili, ikawa 3-0.

Ningekuwa mimi, ningemuweka namba 6 mbele ya mabeki wa kati na nisingemgusa tena mpaka filimbi ya mwisho, kushoto akicheza anayejua kushoto. Wajukuu wasalimie.