Kabla ya kuchangishana hela ya barabara ya shambani

Kijijini kwetu, upande wa Misungwi, mkutano wa barabara ukiitishwa tu, mtu anauliza: kila kaya itoe shilingi ngapi? Mimi ni katibu wa kamati, na ningetaka tuanze na lingine: barabara yenyewe ni ya nani?

Nendeni TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, wilayani muulize kama imo kwenye orodha yao. Isipokuwemo, hata diwani apige kelele vipi, fedha haina pa kushukia. Tangu Julai 2021 kila lita ya petroli na dizeli iliongezewa tozo ya shilingi 100 kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini, kwa hiyo hata dereva wa bodaboda anachangia tayari. Pelekeni muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji kwenye kamati ya maendeleo ya kata, na msingoje gari likwame Machi. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, na bajeti hupangwa miezi mingi kabla. Mfuko wa jimbo, ule wa maendeleo ya jimbo la mbunge, nao upo, ila ni wa kuchochea tu, hautamaliza kazi.

Sasa mchango. Kwetu hela haionekani mpaka pamba iuzwe, lakini mawe yamejaa vilimani. Kila kitongoji kilisogeza yake kando ya barabara. Tuligongelea fremu ya mbao, mita moja kila upande, mawe yakapangwa humo ndipo yakaandikwa daftarini na mtu akatia sahihi. Rundo la kumwaga ovyo linadanganya. Mtaalamu akija kulipima, anapunguza kipimo chake. Yetu yalithaminiwa yakaingia kwenye makadirio kama nguvu za wananchi.

Msisambaze moramu, ule udongo wa changarawe, barabara nzima ili kila kitongoji kifurahi (najua siasa yake). Kipande kifupi cha mbuga, ule udongo mweusi, kikilowa, lori la pamba halipiti, hata kama kwingine kote ni kichanga safi. Pelekeni nguvu hapo: tuta, mitaro, kalavati la kupitishia maji chini ya barabara. Na siku ya kulaza kalavati msimwache fundi peke yake. La kwetu la kwanza liliwekwa juu kuliko mkondo, maji yakapita chini yake.

Mitaro tumewagawia wenye mashamba ya pembeni, kila mmoja kipande chake, wafukue kabla ya vuli. Anayelima mpaka ndani ya mtaro anaitwa mbele ya serikali ya kijiji, awe shemeji yangu au nani.