Bei ya F-35A: dola milioni 80 si gharama yote

Husemwa kwamba F-35A, ndege ya kivita ya Marekani, inagharimu dola milioni 80 na kitu. Bei hiyo ilikuwa sahihi kwa mikataba ya karibu 2022, ila ni ya ndege tupu inapotoka kiwandani na injini yake. F-35B, ile inayotua wima, inapita milioni 100. Silaha, vipuri na mafunzo ya marubani havimo. Ndiyo maana Uswisi ilitenga faranga bilioni 6 kwa ndege 36: ukigawa ni kama faranga milioni 167 kila moja.

Kinachoumiza zaidi ni matunzo. Ripoti ya GAO, wakaguzi wa Bunge la Marekani, ya 2023 ilionyesha ni takriban asilimia 55 tu ya ndege hizi zilizokuwa tayari kwa kazi; vipuri haba, karakana za matengenezo zilichelewa. Tena vifaa vya elektroniki vinahitaji ubaridi zaidi kuliko ilivyokadiriwa, kwa hiyo injini yake, F135, inatoa hewa nyingi zaidi ya kupoza, inapata joto na kuchakaa mapema.

Kuhusu mwendo, F-35 kufika Mach 1.6 (mara 1.6 ya kasi ya sauti) dhidi ya Mach 2 ya F-16, ndege ya kivita ya zamani zaidi, kusikutishe. F-16 haifiki huko ikiwa imening'iniza mabomu na matangi ya mafuta. F-35 hubeba silaha tumboni. Lakini ndani yanaingia makombora manne tu ya kupiga ndege nyingine angani. Ukitundika mengine chini ya mabawa, rada inaiona kwa urahisi zaidi.